Muulize Anko: Hii ni albamu au spika imekufa?

Wiki hii barua karibu zote ni za kitu kimoja, muziki wa kasi na makelele, sijui nani kawasha moto huu ila haya twende.

Anko mambo vipi. Kaka yangu anaishi Berlin kanitumia albamu inaitwa Poaa ya Bamba Pana, anasema kule watu wanaizimia na wanaiita muziki wa elektroniki wa majaribio. Mi nimekulia Manzese, singeli, huu muziki wa kasi wa mtaani Dar, naijua tangu niko mdogo, lakini hii mbona nyimbo nyingi hazina mtu anaimba, ni mapigo tu yanakimbia mpaka simu inakwaruza. File limeharibika au ndo ilivyo? – Msomaji, Dar es Salaam

File liko sawa mdogo wangu, ndo ilivyo. Bamba Pana ni mtu wa Sisso, ile studio ya Mburahati, yaani jirani zako kabisa, na hiyo Poaa ilitoka 2018 kupitia Nyege Nyege Tapes, lebo ya muziki ya Kampala, mwaka mmoja baada ya wao kutoa mkusanyiko wa Sounds of Sisso ambao ndo uliwafanya wazungu wageuze shingo. Sasa kinachokuchanganya ni kwamba singeli uliyoizoea, ya kina Msaga Sumu na Dulla Makabila, ina mtu juu yake anakupigia stori, sikio lako linamfuata yeye na biti linabaki nyuma. Kwenye albamu hii mara nyingi mtu huyo hayupo, MC Makaveli anaingia sehemu chache tu, kwa hiyo unaachwa peke yako na mashine na ndo unagundua kumbe siku zote ilikuwa inakimbia hivyo.

Na inakimbia kweli. Singeli inacheza kuanzia mapigo 200 kwa dakika, na huku kwenye studio hizi wanasogea mpaka 300. Hebu piga hesabu: 300 kwa dakika ni mapigo matano kila sekunde, prodyuza akikata kila pigo vipande vinne unapata milio 20 kwa sekunde moja, na hapo karibu na 20 ndipo sikio la binadamu linaanza kushindwa kutenganisha mlio mmoja mmoja, linaunganisha tu inakuwa mngurumo. Ndo maana kuna sehemu unasikia kama ngoma imegeuka kuwa sauti ya injini. Haijabadilishwa chombo, imekatwa vidogo zaidi basi.

Halafu kuna ule wembamba wa sauti, vinanda vinalia kama vimevuta gesi. Hiyo inatoka mbali. Mwanzoni kwenye vigodoro, zile sherehe za mtaani za usiku kucha, walikuwa wanachukua kipande cha taarabu, ile sehemu ya vyombo vitupu, wanakizungusha na kukiongezea kasi ili MC apate pa kumwagia maneno, na ukiongeza kasi ya sauti mara mbili bila kurekebisha kitu kingine inapanda oktavu nzima, yaani noti ileile ila juu zaidi, ni fizikia tu. Ukitumia programu inayobana sauti isipande, basi inakatakata na kuunga vipande vidogovidogo na unasikia chengachenga. Prodyuza wa kwingine angezificha hizo chenga, hawa wamezipenda wakaziacha.

Kabla ya hapo kulikuwa na mchiriku, muziki wa mtaani uliotangulia singeli, vikinanda vya Casio vya bei rahisi vinapitishwa kwenye spika za honi, zile za mdomo wa bati, ambazo hazina besi kabisa na zinapiga kelele ya katikati inayochoma. Wasikilize bendi ya Jagwa Music, albamu yao ya Bongo Hotheads ya 2012, utasikia mkwaruzo huohuo na hamna kompyuta pale. Kwa hiyo kaka yako akisema majaribio mwambie sawa, kwa Berlin ni majaribio kwa sababu wameikuta haina babu kwenye rafu zao. Uswahilini babu yake anajulikana na mtaa anaoishi unajulikana. Hao jamaa walikuwa wanatafuta biti litakalofanya watu wasikae chini kwenye sherehe ya mtaani, mengine yalifuata.

Kuhusu simu kukwaruza, hapo ni simu. Vispika vya simu haviwezi besi, vikilazimishwa wimbi la sauti linakatwa kichwa na unapata mkwaruzo juu ya mkwaruzo uliokuwepo tayari. Tafuta spika yenye heshima kidogo halafu usihesabu kila pigo, hesabu moja ruka moja, mwili utapata pa kukaa. Wachezaji wa singeli ndo wanavyofanya, angalia kiuno hakiendi 300.

Anko, nasikiliza hizi albamu kwa hedifoni sauti mpaka mwisho nikiwa kwenye basi, nikishuka masikio yanapiga filimbi. Ni kawaida? – Msomaji, Morogoro

Sio kawaida na acha. Kipimo kinachotumika sana kwa wafanyakazi kinasema desibeli 85 mwisho masaa 8 kwa siku, na kila ukiongeza desibeli 3 muda unakatwa nusu, kwa hiyo 88 ni masaa 4, 91 masaa 2, ukifika 100 unabakiwa na dakika 15 tu. Hedifoni ikiwa mpaka mwisho inaweza kufika huko bila shida. Tena muziki huu ni mbaya zaidi kwa sababu hauna sehemu za kupumzika, balladi ina vituo, hii inabana sauti yote juu mwanzo mwisho. Filimbi ikikaa siku mbili bila kuondoka nenda kwa daktari wa masikio, usiniandikie mimi.

Niaje Anko. Hapa Nairobi kuna ile albamu ya Duma, ilitoka 2020. Mabeshte wangu wa metal wanasema ni metal, wale wa club wanasema ni electronic, mimi nikiiskiza naskia tu mtu anachinjwa. Ni gani sasa? – Msomaji, Umoja

Buda, wote wako sawa na hilo ndo linawauma. Duma ni watu wawili, Martin Khanja na Sam Karugu, walitoka kwenye bendi za metal za hapohapo Nairobi, wakaingia kwa Nyege Nyege Tapes hao hao wa Kampala, na matokeo yake ni koo la metal juu ya ngoma za kompyuta. Mpiga ngoma wa kawaida anachoka, mikono ina mwisho, mashine haina, kwa hiyo ukimpa mtu aliyezoea kupiga mayowe ngoma isiyochoka inabidi na yeye asichoke, na hapo ndo ule ukatili wote unapotokea. Kinachonikosha mimi ni kwamba ukiondoa yale mayowe kichwani unakuta kelele imepangwa kwa tabaka, kuna ya chini inatetemeka, kuna ya katikati inakwaruza, na kuna nafasi kati yake. Kelele mbovu haina nafasi. Sitaki kusema naiweka kila siku, hapana, nyumbani nina watu. Lakini mara moja moja usiku na taa zimezimwa, aah.

Ukiimaliza nenda kwa msanii KMRU, naye ni wa Nairobi, albamu ya Peel ya 2020. Mwaka mmoja, mji mmoja, na hiyo haina hata ngoma.

Anko shikamoo yako naipokea mapema maana mimi mtu mzima. Kijana wangu wa miaka kumi na tano anashinda na laptopu akitengeneza hizo kelele, usiku mzima tiki tiki tiki, kasema kuna watu wa nje wananunua. Ananidanganya? – Mama wa Tanga

Shikamoo mama. Hakudanganyi. DJ Travella wa Dar alikuwa bado kijana mdogo ilipotoka albamu yake ya Mr Mixondo mwaka 2022, na imempeleka kupiga kwenye matamasha ya Ulaya. Ila wanaofika huko ni wachache na shule lazima aende, usiku mnunulie hedifoni (jibu la msomaji wa Morogoro hapo juu asome na yeye) na saa nne laptopu ilale chumbani kwako. La muhimu kuliko yote, siku akija na karatasi ya mtu anayetaka kuitoa kazi yake asisaini peke yake, bado mtoto huyo, kaa nae muisome, muangalie rekodi inabaki ya nani, kwa miaka mingapi, na hela inagawanywaje. Hapo kwenye miaka pakiachwa wazi, rudisheni karatasi.