Mshahara unaisha tarehe 12: mimi nilivyotoka humo

Mkuu, umesema unalipwa laki nne, unakaa Gongo la Mboto na mke na mtoto, na ikifika tarehe 12 hela imekata. Unauliza uache kazi ukajitafute au uvumilie. Usiache kwanza. Nimekaa humo miaka mitatu, naijua.

Nilikuwa mtu wa stoo kwenye ghala la vyakula vya kugandisha, barabara ya Nyerere. Mkataba ulisema 380,000. NSSF, yaani mfuko wa hifadhi ya jamii, asilimia 10, sawa na 38,000, inaondoka. Zinabaki 342,000. Kodi ya mapato haigusi 270,000 za mwanzo, inakata asilimia 8 ya kinachozidi, kwangu 5,760. Mkononi 336,240. Piga bajeti kwa hiyo ya mwisho, siyo ya kwenye mkataba. Ilinitosha kwa shida, lakini ilitosha. Kilichoniua ni kausha damu, ile mikopo ya mtaani yenye riba kali.

Mtoto aliugua, nikachukua laki moja mtaani, marejesho laki na thelathini mwisho wa mwezi. Nikalipa. Sasa mshahara una pengo la 130,000, kwa hiyo tarehe 10 narudi palepale kuchukua laki ileile. Nilizunguka hivyo miezi 11. Usiku mmoja mke wangu alifungua ukurasa wa mwisho wa daftari la hesabu la mtoto, akaandika 30,000 mara 11, moja chini ya nyingine, akajumlisha: 330,000. Mshahara mzima karibu, na deni la laki bado liko vilevile. Hakusema neno, alinisogezea daftari tu. Inaniuma mpaka leo.

Aliyetutoa ni yeye. Alikuwa kwenye upatu wa wanawake 10, elfu kumi kila wiki, akawaomba wenzake wampe zamu ya kwanza. Laki ya upatu pamoja na 30,000 tulizobana ikaenda yote kwenye deni. Elfu kumi za kila wiki tuliendelea kutoa, na ziliuma, lakini upatu hauna riba. Nilikuwa nakaa Vingunguti, nikaacha daladala nikawa natembea. Miezi mitatu ya dagaa na mchicha. Nakwambia ukweli, usitafute kazi mpya huku kausha damu iko mgongoni, maana utakubali yoyote itakayokuja kwanza.

Kuhusu kazi yenyewe. Pale ghalani fundi wa majokofu alikuwa anakuja karibu kila wiki. Nilianza kwa kumshikia tochi. Baadaye akaniachia nipake povu la sabuni kwenye maungio kutafuta gesi inapovujia, kisha kuchomea bomba za kopa. Miaka miwili nilijifunza hivyo, bila ada. Lakini kila nilikoomba kazi waliuliza cheti. Ndipo nikasikia VETA, wale wa mafunzo ya ufundi stadi, wana urasimishaji wa ujuzi, kwa watu waliojifunzia kazini. Wanakupima kwa vitendo, wanakujazia unapopungukiwa, wanakupa cheti. Watu wengi mtaani wanajua kazi kabisa na wanalipwa kama vibarua kwa sababu hawajui kwamba njia hii ipo.

Yule fundi ndiye aliyenipa taarifa kwamba hoteli moja inatafuta mtu wa viyoyozi. Nikaanza na 650,000. Sikumwambia mtu kazini mpaka nimeshika mkataba mpya uliosainiwa, kisha nikatoa notisi ya siku 28 kama sheria inavyotaka kwa anayelipwa kwa mwezi, na nikadai cheti cha utumishi. Namba ya NSSF ni ileile, unaenda nayo.

Hujasema pale kazini unafanya nini hasa, wala ni mafundi gani wanaopita hapo. Taja. Na kama una mkopo wa kausha damu au wa simu, andika kiasi na marejesho, usione haya, tupige hesabu pamoja hapa.