Avoid, evade, bypass, circumvent: lipi litumike wapi?

Ndugu, umeuliza kama kwenye ripoti yako ya Kiingereza unaweza kuandika "avoid", "evade", "bypass" au "circumvent" popote tunaposema kukwepa. Hapana, na kuna mahali ukikosea unaweza kujitafutia kesi.

Mahali penyewe ni kodi. Kwa Uingereza, "tax avoidance" ni kupunguza kodi kwa kupita kwenye mianya iliyoachwa na sheria. Serikali haipendi, lakini si jinai. "Tax evasion" ni kuficha mapato au kupika hesabu, na hiyo ni jinai. Sisi zote mbili tunaziita kukwepa kodi, ndiyo maana wengi huteleza. Ukiandika kwamba mteja "evaded tax" kumbe alitumia msamaha halali, umeshamwita mhalifu.

"Bypass" halina lawama ndani yake. Ni barabara ya mchepuko, kama Southern Bypass ya Nairobi, au upasuaji wa moyo ambapo damu hupitishiwa njia mpya kuzunguka mshipa ulioziba.

"Circumvent" ndilo lenye harufu ya ujanja: mtu anazunguka kanuni au kizuizi makusudi. Sheria ya hakimiliki ya Marekani ya 1998, DMCA, inalitumia kwa wanaokwepa kufuli za kidijitali. "Dodge", ambalo nalo ni kukwepa, liachie maongezi.

Sasa ile sentensi yako ya ofisa aliyeyagawa manunuzi vipande vipande ili asitangaze zabuni: weka "circumvented", bila wasiwasi.