Usiulize Uuze Nini, Uliza Mteja Ameshika Shilingi Ngapi

Wiki hii umeingia ujumbe wa msomaji kutoka Chanika, Dar es Salaam. Alifungua duka la rejareja kwa mtaji wa laki tano, akapanga manukato, juisi za boksi, biskuti za bei na vipodozi. Miezi mitatu imepita, mali iko palepale rafuni, na kila jioni anawaona majirani wakipita mbele ya duka lake na unga walionunua kwingine. Anauliza: "Niongeze bidhaa gani ili duka lichangamke?"

Dada, usiongeze kitu chochote kwanza. Wewe ulianza na bidhaa unazozipenda, kisha ukaanza kumtafuta wa kuzinunua. Duka la mtaani linaanzia kwa mtu aliyesimama dirishani. Ameishiwa nini? Ni saa ngapi? Ameshika shilingi ngapi mkononi? Ukiyajua hayo matatu, rafu zitajipanga zenyewe.

Kwa kuyajua, nunua daftari la kurasa 48 na uliite daftari la "hakuna". Chora safu nne: kitu kilichoulizwa, kiasi, saa, na pesa aliyokuja nayo mteja. Kila utakapotamka neno "hakuna", andika kabla mtu huyo hajafika kona. Mtoto akitumwa mkaa wa mia tano ukamjibu hakuna, andika. Mama akiulizia pampasi moja saa 3 usiku, andika pia. Fanya hivyo siku 14 mfululizo, Jumamosi na Jumapili zikiwemo, kwa sababu Jumapili ya mtaa wenye wapangaji wengi haifanani kabisa na Jumanne yake.

Baada ya wiki mbili, hesabu. Kitu kilichoulizwa na watu watatu tofauti ndani ya wiki moja kinastahili kununuliwa, tena kwa kiasi kidogo kabisa kinachouzwa jumla. Mtu mmoja akiuliza kitu kilekile mara tano, huyo ni mteja mmoja. Muulize kama yuko tayari kuagiza na kutanguliza nusu ya pesa. Wengi wanakosea hapa. Wanasikia sauti ya mtu mmoja mwenye kelele, wanakwenda Kariakoo kuleta katoni nzima.

Safu ya saa itakuonyesha kwamba una maduka mawili ndani ya chumba kimoja. Kuanzia saa 12 asubuhi hadi saa 2, watu wanataka mkate, maandazi, majani ya chai, sukari robo, dawa ya meno, vocha. Wana haraka, na wengi wana noti. Kuanzia saa 10 jioni hadi saa 2 usiku wanataka unga, mafuta, nyanya, vitunguu, chumvi, kiberiti, mkaa. Hao wameshika sarafu. Ukifungua saa 3 asubuhi na kufunga saa 12 jioni, umelifunga duka lote la asubuhi na nusu ya lile la jioni, na saa zako nyingi umebaki wazi wakati mtaa mzima uko kazini.

Sasa tuje kwenye pesa ya mkononi, maana hapa ndipo penye kazi yenyewe.

Mteja wa mtaani haji na hesabu ya kilo. Anasema, "Nipe mafuta ya jero," kwa sababu jero, yaani shilingi 500, ndiyo aliyonayo, na usiku huu anapika mboga ya watu wanne. Kibarua anayelipwa kwa siku hawezi kununua lita tano hata kama lita tano ni nafuu zaidi. Anajua fika kwamba ni nafuu. Basi kazi yako ni kugawa dumu la lita 20 liwe vipimo vinavyolingana na sarafu zake, bila kumwibia na bila kujiibia.

Tuchukue mfano wa dumu lililokugharimu 100,000 pamoja na nauli ya kulileta. Kipimo cha mililita 80 kwa jero kinatoa vipimo 250, yaani 125,000. Hiyo ni bei ya haki kwa kazi ya kupima na mafuta yanayobaki kwenye mpira na faneli. Lakini ukizidisha mililita 5 tu kila unapopima, unatoka na vipimo 235, na 7,500 imeondoka bila wewe kuiona ikiondoka. Dawa yake ni kikombe kimoja chenye alama iliyochorwa kwa msumari wa moto. Alama za kalamu ya wino zinafutika na mafuta ndani ya siku mbili. Jaza mpaka kwenye alama mbele ya macho ya mteja, mimina kwenye chupa yake, kisha acha kikombe kichuruzike mpaka tone la mwisho. Mteja anayaangalia sana hayo matone. Ukikitoa kikombe haraka, ataona umembania, hata kama kipimo kilikuwa sahihi.

Hata dumu lenyewe lihakiki unaponunua. Lita moja ya mafuta ya kula ina uzito wa gramu 910 hadi 920 hivi, haifiki kilo. Kwa hiyo dumu la lita 20, ukiondoa uzito wa plastiki, lazima lisome kilo 18 na kidogo. Likisoma 17, limepunguzwa kabla halijafika kwako. Na kama duka lako liko Njombe, Mbeya au Lushoto, kumbuka mafuta ya mawese yanaganda mwezi wa sita na wa saba. Kupima kunakuwa adha, na foleni ya jioni inahamia kwa jirani. Huko, msimu wa baridi weka alizeti.

Sukari ina hesabu ngumu kuliko mafuta kwa kuwa faida yake ni nyembamba. Tuseme mfuko wa kilo 50 umekufikia kwa 130,000, nawe unauza robo kwa 700. Robo 200 ni 140,000, faida 10,000. Ukizidisha gramu 5 kwenye kila robo, unapata robo 196, yaani 137,200, na faida inabaki 7,200. Zaidi ya robo ya faida imekwenda kwenye chembe za sukari ambazo hakuna mteja aliyezishukuru. Ukipunguza nako, hauvuki wiki mbili. Akina mama wana vikombe vyao nyumbani na wanajua robo inafika wapi.

Kwa hiyo mizani ipewe heshima. Iwe juu ya ubao ulionyooka, mbali na feni. Kila asubuhi ondoa sahani, futa sukari na unga uliojificha chini yake, hakikisha mshale umelala kwenye sifuri. Usiache kijiko juu ya sahani wakati wa kupima. Ili kuijaribu, pima chupa tupu, kisha itie lita moja kamili ya maji uipime tena. Tofauti lazima iwe kilo moja. Mizani ya biashara inatakiwa kuhakikiwa na Wakala wa Vipimo kila mwaka, na stika ya uhakiki ibandike mahali mteja anapoiona. Stika hiyo inauza kuliko bango lolote la rangi.

Bei zako zifuate sarafu zilizopo. Robo ya sukari kwa 700 inalipika kwa urahisi. 650 inakudai sarafu ya 50, na sarafu ya 50 siku hizi ni adimu. Tenga chenji tangu usiku: sarafu za 100 na 200 za kutosha wateja 30 wa asubuhi. Kumpa mtu pipi badala ya chenji ni kumlazimisha anunue kitu asichokihitaji. Watu hawagombi juu ya jambo hilo, wanahama tu.

Vifungashio vinataka uangalifu. Tanzania ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa tarehe 1 Juni 2019, kwa hiyo funga sukari na mchele kwenye mifuko ya karatasi, na uifunge saa za mchana duka likiwa kimya. Ukishapima robo 40 mapema, foleni ya saa 1 usiku inakwenda kwa kasi mara mbili. Ila Dar wakati wa masika usipime sukari ya zaidi ya siku moja. Unyevu unaingia kwenye karatasi na inakuwa bonge. Dona nayo inunue kidogo kidogo kutoka mashineni, ya wiki moja tu, kwa kuwa kiini cha mahindi kina mafuta na unga wake unachacha mapema kuliko sembe.

Kuna anayedhani kugawa bidhaa vidogo vidogo ni biashara ya kimaskini isiyomfikisha mtu popote. Naikataa fikra hiyo kwa nguvu zote. Tazama M-Pesa. Majaribio yake Kenya mwaka 2005 yalikuwa ya kuwawezesha wakopaji wadogo kulipa marejesho kwa simu. Waliopewa huduma wakaanza kutumiana pesa wao kwa wao, na ilipozinduliwa na Safaricom Machi 2007, ilijengwa juu ya haja hiyo moja: kutuma pesa nyumbani. Mradi ule ulifuata matumizi ya watu, ukaacha mpango wa kwanza. Mwenye duka anayegundua kwamba pampasi zinatafutwa moja moja usiku, akafungua pakiti na kuziuza hivyo, anafanya jambo lilelile.

Turudi kwenye manukato. Tuseme uliweka 130,000 humo ukitarajia faida ya 40,000, na inachukua miezi mitatu kuyamaliza. Pesa hiyohiyo kwenye sukari, ikiwa mtaa wako unamaliza mfuko kwa siku tano, inazunguka mara sita kwa mwezi: 60,000 kwa mwezi, 180,000 kwa miezi mitatu. Anayetazama faida ya kipande kimoja atachagua manukato kila siku. Wewe tazama mzunguko. Na kwa laki tano usianze hata na mfuko wa kilo 50, maana zaidi ya robo ya mtaji italala kwenye bidhaa moja. Chukua wa kilo 25, au gawaneni mmoja na mwenye genge jirani, pesa inayobaki iingie kwenye unga, mafuta, chumvi, majani ya chai, sabuni ya mche na mayai. Gharama ya guta au bajaji igawanye kwa kila bidhaa kabla hujapanga bei. Wengi wanaisahau, wanauza kwa hasara huku wakitabasamu.

Mkopo. Mteja anauhitaji, na hili halikwepeki. Lakini robo moja ya sukari ina faida ya 50 tu. Asipolipa 700 yake, umepoteza mtaji wa 650, na inabidi uuze robo 13 nyingine ndipo urudi ulipokuwa. Kukopa harusi, kulipa matanga. Weka kikomo: jumla ya madeni yote isizidi mauzo ya siku moja. Mkopeshe anayeishi mtaani na unayeijua siku yake ya malipo. Fundi ujenzi mara nyingi analipwa Jumamosi, mwajiriwa mwisho wa mwezi, bodaboda ana pesa kila jioni akishatoa hesabu ya tajiri. Andika jina, kiasi na siku ya kulipa, mteja mwenyewe akiwa anaona, na deni la kwanza lilipwe lote kabla ya la pili. Daftari hili liwe tofauti na lile la "hakuna".

Uwakala wa pesa mtandaoni utavuta watu, ila usiuanze kwa mtaji wa unga. Siku mteja atakapotoa laki moja, utakosa ya kununulia mali kesho yake. Leseni ya halmashauri na namba ya mlipakodi shughulikia mapema, kabla ya kuongeza chochote.

Kwa msomaji wa Chanika: manukato na vipodozi yauze kwa bei uliyonunulia, yote, ndani ya wiki mbili. Usisubiri faida humo. Juisi na biskuti angalia tarehe za kuisha muda, zilizokaribia ziuze kwanza. Wakati huohuo funga penseli kwa uzi kwenye nondo za dirisha, daftari liwe chini ya mkono wako, na kesho saa 12 asubuhi fungua. Wa kwanza kuambiwa "hakuna" ndiye mstari wa kwanza.