Jibu: Fataki zangu za mwaka mpya zimetoka wingu jeupe

Ndugu, kamera yako haina kosa. Umesema uliiacha kwenye oto, yaani ijipangie yenyewe, pale ufuoni Nyali, Mombasa. Oto ikiona giza hupandisha ISO (wepesi wa kamera kunasa mwanga) na kuangaza kila kitu, basi fataki zikaungua zikawa weupe mtupu. Weka manyuo, yaani upange mwenyewe: ISO 100, tundu la lenzi dogo la f/11, na shata (kile kifuniko kinachopitisha mwanga) iwe wazi sekunde 2 hadi 4. Fataki ni mwanga wenyewe, haitaki kusaidiwa. Fokasi (ukali wa picha) nayo irekebishe kwa mkono, kwenye taa ya mbali, kisha usiiguse tena.

Lakini lile wingu nusu yake ni moshi wa kweli. Desemba ni kaskazi, upepo unatoka kaskazini-mashariki. Ukisimama kusini ya zinakorushwa, moshi wote unakujia wewe. Hamia upande wa kaskazini, upepo uwe mgongoni, na zile za mwanzo usizikose hata moja, maana baada ya dakika chache anga imeshachafuka.

Angalia pia maji. Yakiwa yametoka, mchanga uliolowa unakuwa kioo na unapata fataki mara mbili. Mimi napenda hiyo kuliko anga lenyewe. Yakiwa yanajaa, hasa bamvua, yale maji makubwa, usitege stendi ya kamera karibu na maji. Mimi mguu mmoja wa stendi yangu ulizama mchangani taratibu, picha zote zikatoka zimepinda, nikagundua nyumbani.

Ukirudi, pangusa chumvi kwenye lenzi usiku huohuo.