Muulize Mjomba: Saa ya Kuzamia kwa Mtu wa Nairobi

SWALI: Shikamoo Mjomba. Mimi ni mhasibu, ofisi yetu iko Upper Hill. Mwaka jana nilipata cheti changu cha kwanza cha kuzamia kule Diani, na tangu hapo nikipata nafasi tu nateremka Pwani. Nazamia Jumamosi na Jumapili asubuhi, halafu napanda treni ya alasiri niwahi kazi Jumatatu. Nimechoka kukodi vifaa. Nataka kompyuta yangu mwenyewe ya kuzamia, ile ya mtindo wa saa, niivae na ofisini. Bei zimenichanganya: kuna ya elfu thelathini kasoro, na kuna ya zaidi ya laki moja na nusu. Mwenzangu kazini ananiambia nisijisumbue, saa yake aliyonunua Luthuli imeandikwa mita 50 kwa nyuma. Nichukue ipi?
– Mhasibu, Kilimani

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nianze na huyo mwenzako kwa sababu yake ni fupi. Hayo maandishi ya mita 50 yana maana kwamba saa imejaribiwa kwa mgandamizo wa maji yaliyotulia. Ni saa ya kuogea na kuoshea vyombo. Haipimi kina, na haijui lolote kuhusu naitrojeni, ile gesi ya hewa ya mtungi inayoingia mwilini mwako ukiwa chini ya maji. Hata saa halisi ya wazamiaji, ile yenye pete ya kuzungusha, itakuhesabia dakika tu. Mwambie aendelee kuivaa kwa amani huko huko Upper Hill.

Kompyuta ya kuzamia ina kihisi kinachosoma mgandamizo wa maji kila baada ya sekunde chache, kisha inakadiria naitrojeni iliyoingia katika tishu za mwili, zile zinazojaa upesi na zile zinazojaa polepole. Hesabu hii ilianzia kwa Mskoti John Scott Haldane, aliyechapisha majedwali yake ya kuzamia mwaka 1908 baada ya kujaribu mgandamizo juu ya mbuzi (maskini mbuzi, kila jambo wao). Baadaye Albert Bühlmann, daktari wa Uswisi, akaitanua hesabu hadi mafungu 16 ya tishu, na kompyuta nyingi za leo zinatumia hesabu yake au inayofanana nayo.

Faida yake utaiona kwenye matumbawe ya Kisite. Kwenye jedwali ulilofundishwa darasani, ukigusa mita 18 unahesabiwa kana kwamba ulikaa mita 18 muda wote, na kikomo chako ni dakika 56. Lakini mwamba wa matumbawe haukai hivyo. Unashuka mita 18 kidogo, unapanda hadi kumi, unamaliza kwenye mita sita ukitazama kasa anakula nyasi. Kompyuta inakuhesabia ulipokuwa kweli, na mbizi ya pili inajua ya kwanza ilikuwaje.

Sasa tuje kwa jambo ambalo hukuniuliza, nalo ndilo lililonifanya niweke barua yako mbele: hiyo treni.

Nairobi iko mita 1,700 na ushee juu ya usawa wa bahari. Hewa tunayovuta hapa ina mgandamizo wa zaidi kidogo ya asilimia 80 tu ya ule wa Diani. Ndani ya ndege kubwa ya abiria hewa huwa kama ya mlima wa hadi mita 2,400. Kwa hiyo mtu anayetoka baharini kuja Nairobi, hata kwa treni, hata kwa basi la usiku, mwili wake umepanda ndege. Mwongozo wa DAN, shirika la usalama wa wazamiaji, unahesabu kupanda mwinuko kama kupanda ndege kuanzia mita 600. Baada ya mbizi moja, subiri angalau saa 12 nje ya maji kabla ya kupanda. Ukiwa umezamia mara kadhaa au siku kadhaa mfululizo, kama wewe, angalau saa 18.

Tazama ratiba yako. Jumapili unatoka majini saa tano asubuhi, saa tisa alasiri treni inaondoka Miritini. Ukishuka Syokimau usiku huo hujafikisha hata zile saa 12, na tangu njiani umekuwa ukipanda. Naitrojeni iliyobaki mwilini inaweza kutengeneza viputo, nawe ukadhani maumivu ya bega ni ya kubeba begi. Zamia Jumamosi mara mbili. Ukitoka majini saa kumi jioni, kufikia saa nne asubuhi ya Jumapili zile 18 zimetimia, na treni yako unaipata bila wasiwasi. Jumapili asubuhi kula mahamri, ogelea juu juu.

Kwa sababu hiyo, sifa ya kwanza ninayoitazama kwenye saa ya mtu wa bara ni namna inavyoonyesha muda wa kutopanda ndege. Nyingine zinahesabu kurudi nyuma kwenye uso wa saa, unaona bayana. Nyingine zimeuficha ndani ya menyu. Nyingine zimepangwa kiwandani kukupa 12 au 24 tu. Chukua inayouonyesha waziwazi, na isiyohitaji uiambie upo mwinuko gani. Zipo za bei nafuu ambazo lazima uweke kiwango cha mwinuko kwa mkono, na mtu aliyeshuka kutoka Nairobi usiku anaweza kusahau.

Sifa ya pili ni kusomeka. Hapa saa zina kasoro yake, kwani kioo ni kidogo kuliko cha zile kompyuta pana za mkononi. Kabla hujalipa, vaa miwani yako ya kuzamia pale pale dukani (wacha wakucheke), nyoosha mkono, mwombe muuzaji apunguze taa. Tafuta namba tatu: kina, dakika ulizonazo kabla ya kulazimika kusimama njiani ukipanda, na muda uliokaa chini. Ukihitaji kukunja shingo kutafuta mojawapo, irudishe. Kisha bonyeza vitufe kwa kidole gumba kilicholowa.

Kuhusu bei, ya laki moja na nusu inakupa kioo cha rangi, ramani, mapigo ya moyo, na uwezo wa kusoma hewa ya mtungi kupitia kitumaji, kifaa cha kufunga kwenye mtungi kinachopeleka vipimo kwenye saa, kinachouzwa peke yake kwa pesa nyingi. Hiyo ya mwisho huihitaji sasa. Geji ya mshale haiishiwi betri. Ningekushauri ya kati au hata ya chini, mradi inakubali nitroksi (hewa ya mtungi iliyoongezwa oksijeni), inalia ukipanda kwa kasi, na inakuhesabia dakika tatu za kusimama kwenye mita tano. Ukiwa huna uhakika, nunua aina anayovaa mwalimu wako wa Diani. Siku menyu itakapokupotea kwenye boti, atakuwepo wa kukuonyesha.

Kuivaa ofisini ni sawa, ila nyingi ni nene na zitakwama kwenye mkono wa shati. Za kuchaji zinakula betri kwa kukuletea ujumbe wa bosi, basi zima hayo mambo kabla ya safari, na kebo ibebe. Hiyo kebo ya kipekee hutaipata Ukunda Jumamosi jioni.

SWALI: Mjomba, mimi na mume wangu huzamia pamoja, tena bega kwa bega. Kompyuta moja haitutoshi?
– Mama Nuru, South C

JIBU: Haiwatoshi, dada. Yeye akishuka mita mbili chini yako kumfuata pweza, hesabu zenu zimeachana. Na msibadilishane kati ya mbizi ya kwanza na ya pili, kwa sababu saa inakumbuka naitrojeni ya aliyeivaa mwanzo. Kama pesa ni ya moja, mwingine akodi.

SWALI: Fundi wa saa River Road anaweza kunibadilishia betri? Kanitajia mia tatu.
– Kijana wa Umoja

JIBU: Mkono wake siutilii shaka, nina shaka na raba ya duara inayozuia maji. Kila betri inapobadilishwa, raba nayo ibadilishwe, ipakwe grisi ya silikoni kidogo sana, na isibakie hata unywele mmoja juu yake. Kama kompyuta yako ni ya kufungua kwa sarafu, nunua kifurushi cha betri na raba cha kampuni iliyoitengeneza, ukae mezani mchana, ufanye mwenyewe. Kama imefungwa kwa skrubu ndogo, ipeleke kwa mwenye chombo cha kuijaribu kwa mgandamizo. Ukikosa hapa, itume Pwani kwa duka la wazamiaji, wiki mbili kabla ya safari, si siku mbili.