Maswali Yenu: Ugonjwa Ukizuka, Simu Nayo Huumwa

Safari hii tumekusanya maswali yanayohusu habari za magonjwa ya mlipuko kwenye simu na mitandao: korona, Ebola, na zile jumbe ambazo kila ugonjwa mpya ukitangazwa hufufuka zikiwa na jina jipya.

Mwaka 2020 kundi letu la familia lilipokea ujumbe "kutoka UNICEF" uliosema kirusi cha korona ni kikubwa, hivyo barakoa yoyote inakizuia, na kwamba kinakufa kwenye joto la nyuzi 26 hadi 27. Tuliuamini wote. Mimi si daktari. Ningejuaje kuwa ni uongo? – Msomaji, Tanga

UNICEF waliukana ujumbe huo mwezi Machi 2020, lakini hukuhitaji kuwasubiri. Ulijikana wenyewe.

Anza na joto. Mwili wa binadamu mzima una nyuzi 37 hivi. Kirusi kinachokufa kwenye nyuzi 27 kingekufa kabla hakijamaliza kushuka kooni. Isitoshe, Tanga mwezi Machi mchana joto hupita nyuzi 30, kwa hiyo kama ujumbe ungekuwa kweli, mji wenu usingepata mgonjwa hata mmoja.

Kisha ukubwa. Ujumbe ulitaja "mikro 400 hadi 500". Mikromita 500 ni nusu milimita, yaani kama punje ya chumvi. Kirusi cha ukubwa huo ungekiona kwenye kitambaa cha meza ukakifuta kwa kidole. Kirusi halisi cha korona kina takriban mikromita 0.1, kwa hiyo mwandishi wa ujumbe alikikuza mara elfu nne au tano. Ukikutana na kipimo chochote, jaribu kukigeuza kuwa kitu cha jikoni: punje, kijiko, kikombe. Uongo mwingi huishia hapo.

Tatu, jina la shirika lilikuwepo, ila hapakuwa na tarehe, ofisi wala anwani ya tovuti. Shirika kubwa likitoa tangazo, huliweka kwenye tovuti yake. Andika anwani mwenyewe kwa mkono, unicef.org au who.int, usibonyeze kiungo kilichoambatanishwa.

Kilichowanasa si ujinga. Ndani ya ujumbe uleule kulikuwa na shauri la kunawa mikono kwa sabuni, na hilo ni kweli tupu. Ukweli ndio uliobeba uongo mgongoni. Halafu mliupata kwa shangazi, kwa jirani na kwa mwalimu, mkahesabu mashahidi watatu, kumbe ni shahidi mmoja aliyepita milango mitatu. Jambo likisikika mara ya tatu huonekana la kweli zaidi kuliko mara ya kwanza hata kama hakuna ushahidi mpya ulioongezeka. Hii ni tabia ya akili ya kila mtu, daktari akiwemo.

Ndugu yake ujumbe huo ni ule wa kubana pumzi kwa sekunde 10: ukiweza bila kukohoa, eti huna korona. Kijana mwenye maambukizi anaweza kubana hata sekunde 40, na mzee mwenye pumu asiye na korona akashindwa. Kipimo cha bure, cha papo hapo, cha nyumbani: vitu hivyo vitatu vikikaa pamoja, simama kwanza.

Ile mishale miwili juu ya ujumbe wa WhatsApp ina maana gani? – Msomaji, Morogoro

Ina maana ujumbe umepita mikono mitano au zaidi kabla ya kukufikia. Tangu Aprili 2020 ujumbe wa namna hiyo huwezi kuusambaza kwenye makundi mengi kwa mpigo. Unautuma kwenye gumzo moja moja. Kampuni ilisema usambazaji wa jumbe hizo ulipungua kwa asilimia 70. Lakini mishale inahesabu safari, haipimi ukweli. Mazungumzo ya WhatsApp yamefungwa kwa ufunguo ulio kwenye simu zenu tu, kwa hiyo kampuni yenyewe haijui ndani mmeandikiana nini. Na kuna tundu: mtu akinakili maneno na kuyabandika upya, au akairekodi sauti upya, mishale inapotea. Ujumbe usio na mishale unaweza kuwa mzee kuliko wote.

Nitajuaje kama picha ya maiti au wagonjwa ni ya ugonjwa huu kweli? Simu yangu ni ya kawaida tu, ya Android. – Msomaji, Mwanza

Ihifadhi picha. Kabla ya kuitafuta, kata maandishi yote yaliyobandikwa juu yake, maana yanapotosha utafutaji. Fungua programu ya Google, bonyeza alama ya kamera kwenye kisanduku cha kutafutia, uchague picha yako. Matokeo yakija, usiishie kwenye ya juu. Ya juu mara nyingi ni yaleyale yanayosambaa wiki hii. Shuka chini utafute picha hiyohiyo yenye tarehe ya zamani zaidi. Tovuti ya TinEye inakuruhusu kuyapanga kuanzia la zamani. Picha ikiwa ilikuwepo mtandaoni kabla ugonjwa haujazuka, kesi imekwisha.

Mfano. Mwanzoni mwa 2020 ilizunguka picha ya watu wengi wamelala chini barabarani, ikaambiwa ni China, watu wanaanguka kwa korona. Ni Frankfurt, Ujerumani, mwaka 2014: wananchi walijilaza kwa hiari kuwakumbuka watu 528 waliokufa katika kambi ya mateso ya Katzbach wakati wa Wanazi. Ukiitazama taratibu utaona wamelala kwa nafasi, na wengine wamesimama kando wakitazama bila taharuki. Nyingine ni safu ya majeneza iliyosemwa ni wafu wa korona wa Italia. Italia ni kweli, ila majeneza yalikuwa ya wahamiaji waliozama karibu na kisiwa cha Lampedusa mwezi Oktoba 2013.

Video haitafutiki moja kwa moja. Isimamishe, piga skrinshoti tatu au nne mahali penye bango, namba za gari au sare za polisi, kisha tafuta kila moja. Vinavyoharibu kazi: picha iliyogeuzwa kushoto kuwa kulia, picha iliyofifia kwa kutumwa mara nyingi, na siku hizi picha za akili mnemba ambazo hazina historia yoyote. Kukosa matokeo hakuthibitishi kitu.

Wala msiingie kosa la upande wa pili. Picha za malori ya jeshi yakitoa majeneza Bergamo usiku wa tarehe 18 Machi 2020 zilikuwa za kweli, na wapo walioziita maigizo hadi leo. Anayekataa kila kitu naye hajapima.

Nimeona takwimu za nje kuwa waliokufa wengi walikuwa wamechanjwa. Kama namba ni za serikali yenyewe, si ni ushahidi kwamba chanjo haifai? – Msomaji, Mombasa

Namba inaweza kuwa sahihi na maana yake ikapinduliwa. Chukua mji wa kufikirika wenye wazee 10,000. Waliochanjwa ni 9,000, wasiochanjwa 1,000. Ugonjwa unapita, wanakufa waliochanjwa 18 na wasiochanjwa 10. Mtandaoni itaandikwa: "Kati ya wafu 28, 18 walichanjwa!" Ni kweli. Sasa gawanya. Waliochanjwa: 18 kwa 9,000, yaani wawili katika kila elfu. Wasiochanjwa: 10 kwa 1,000, yaani kumi katika kila elfu. Asiyechanjwa alikuwa na hatari mara tano.

Kwa hiyo ukipewa idadi, uliza: kati ya wangapi? Kisha uliza umri. Nchi nyingi zilianza kuchanja wazee na wenye maradhi, ambao hufa zaidi hata bila mlipuko. Ukilinganisha mzee aliyechanjwa na kijana ambaye hakuchanjwa, umelinganisha umri, hukulinganisha chanjo.

Tahadhari nyingine ni orodha za taarifa za madhara, kama VAERS ya Marekani. Mtu yeyote anaruhusiwa kuandika humo tukio lolote lililofuata chanjo, liwe limesababishwa nayo au la. Zimewekwa hivyo makusudi ili wachunguzi wapate dalili mapema. Ni kengele ya mlangoni. Haikuambii nani amepiga hodi. Na kengele hulia kweli: tatizo la nadra la damu kuganda baada ya chanjo za AstraZeneca na Johnson & Johnson liligunduliwa kwa ufuatiliaji wa namna hii mwaka 2021, likatangazwa. Anayekuambia chanjo hazina madhara kabisa naye mwekee alama ya kuuliza.

Kwa nini Tanzania kipindi kile kila mtu alikuwa na takwimu zake za korona? – Msomaji, Dodoma

Kwa sababu za serikali zilikoma. Mgonjwa wa kwanza alitangazwa tarehe 16 Machi 2020, na hesabu ya mwisho ya taifa ilitoka tarehe 29 Aprili: wagonjwa 480, vifo 16. Siku chache baadaye Rais Magufuli alisema sampuli za papai na mbuzi zilikutwa na korona, na hoja ikahama kutoka kwa wagonjwa kwenda kwa vipimo. Hali hiyo ilidumu zaidi ya mwaka. Chanjo ilizinduliwa tarehe 28 Julai 2021.

Pengo la takwimu halibaki wazi. Watu walianza kuhesabu tanzia kwenye status na video za mazishi ya usiku, na wakajifunza kusoma maneno ya kupita kando kama "changamoto ya upumuaji". Hesabu ya tanzia ina kasoro mbili. Mtu mashuhuri akifa unamwona mara arobaini, ukahisi wamekufa arobaini. Mkulima wa kijijini hapati hata bango. Na mwezi ambao hukuona tanzia, unaamini ugonjwa umekwisha. Ikitokea tena mahali popote, tazama taarifa za nchi jirani na za WHO kanda ya Afrika, na mwulize mhudumu wa afya unayemfahamu swali dogo linalojibika: wadi imejaa kuliko mwezi uliopita?

Huku Kivu watu walisema Ebola ni siasa. Ni mitandao iliyowaharibu? – Msomaji, Goma

Sehemu tu. Utafiti wa Septemba 2018 uliohoji watu wazima 961 wa miji ya Beni na Butembo, mashariki mwa Kongo, ulikuta robo yao hawaamini kuwa Ebola ipo, na waliowaamini viongozi wa eneo lao hawakufika theluthi. Wasio na imani hiyo walikuwa pia wagumu zaidi kukubali chanjo. Halafu Desemba uchaguzi wa Beni na Butembo ukaahirishwa hadi Machi 2019, sababu ikitajwa kuwa Ebola na usalama. Baada ya hapo nani angehitaji WhatsApp kumwambia kwamba ni siasa? Simu ilipuliza moto; kuni zilikuwa zimekauka kwa miaka mingi ya vita.

Kilichosaidia mara nyingi hakikuwa bango la kukanusha. Kwenye kituo cha Beni wagonjwa waliwekwa katika vyumba vya plastiki angavu, ndugu wakawaona kwa macho yao wakilishwa na kuhudumiwa. Uvumi kwamba mgonjwa akiingia anatolewa viungo hukosa pa kusimama mbele ya dirisha.

Mjomba wangu ndiye anayetuma hizi habari kila asubuhi. Nikimsahihisha kwenye kundi anaona nimemvunjia heshima. Nifanyeje? – Msomaji, Zanzibar

Usimjibu kundini. Kumwumbua mbele ya wakwe kutamfanya autetee ujumbe hata kama mwenyewe hakuuamini sana. Mfuate pembeni, ndani ya saa chache, kabla wengine hawajausambaza. Tanguliza ukweli, utaje uongo mara moja tu, kisha urudie ukweli, maana anayeanza kwa kunukuu uongo anaukaririsha. Kama yeye hutuma sauti, nawe tuma sauti, isizidi dakika moja. Kiungo cha ukurasa mrefu kitamla bando na hatakifungua. Mwachie yeye nafasi ya kufuta na kurekebisha, ili sifa ya kusahihisha iwe yake.

Kwenye TikTok na Facebook ni tofauti: usiandike maoni chini ya uongo hata ya kuupinga, kwa kuwa kila maoni huhesabika kama mvuto na kuusukuma kwa watu wengine. Ripoti, kisha pita.

Kwa mjomba, kitu kama hiki kinatosha: "Shikamoo mjomba. Ile ya asubuhi nimeiangalia, picha ni ya mwaka 2014, huko Ujerumani, hao walikuwa kwenye kumbukumbu. Nimekutumia ya mwanzo uione. Nimeona nikuambie wewe kwanza, labda utapenda kuwajulisha wengine."