Mkuu, mwaga hizo ndimu! Rupia za Mjerumani hazisuguliwi

Mkuu, acha kwanza. Umesema umeokota rupia 4 za Mjerumani, zile sarafu za fedha za enzi za ukoloni wake, kwa detekta (mashine ya kusaka vyuma ardhini) huko Pangani, 3 nyeusi tii na 1 ina ukijani, na usiku huu unazitia kwenye ndimu na majivu zing'ae ndipo utafute mteja. Mambo ya bei na kibali uliyouliza nitakuja nayo. Hili la kung'arisha haliwezi kusubiri, maana ndipo nilipozikwa mimi.

Mwaka 2019 nilipata sarafu ya rupia 2 ya mwaka 1893, ile kubwa, Kaiser Wilhelm, mfalme wa Wajerumani, kavaa kofia ya chuma yenye tai juu. Ilikuwa nyeusi kama sufuria ya kuni, ila ukiikaribia jicho ulihesabu manyoya kwenye bawa la yule tai. Nikaipiga picha, nikamtumia mkusanyaji mmoja wa sarafu, akasema lete, milioni 1.5 ipo. Nikawaza nikiipeleka safi nitampandishia. Nikaenda kwa sonara.

Sonara yule ana miaka mingi kwenye kazi, ndiyo maana nilimwamini. Akaniambia, "Fedha ni fedha, kijana, ikitakata inauzika." Akaichovya kwenye tindikali, akaipitisha kwenye brashi ya mota na ile dawa nyekundu, dakika 5 tu, nikalipa elfu 10. Ikatoka inameta kama kijiko cha harusi. Nikamshukuru!

Yule mkusanyaji akaishika ukingoni, akaigeuza chini ya taa. Hapo ndipo nami nikaona: mikwaruzo myembamba kama nywele, yote imelalia upande mmoja. Tai kawa donge. Masharubu ya Kaiser nusu hayapo. Akaiweka mezani taratibu, akauliza, "Nani kaiua hii?" Akatoa laki 3. Nikapokea, ada ya mtoto ilikuwa inadaiwa.

Mpaka leo nikipita mtaa ule damu inachemka. Sonara anajua fedha ya kuyeyusha, kwake sarafu ni gramu tu. Mtu wa sarafu hanunui gramu, ananunua chapa ilivyotoka kiwandani mwaka ule. Kama hajui si angesema hajui? Na hao wa mitandaoni wanaofundisha dawa ya meno ni walewale, dawa ya meno ina chenga za kusugulia, ni msasa wenye harufu nzuri.

Weusi ule si uchafu, mkuu. Ni fedha yenyewe imeshikana na salfa ya udongoni na hewani. Ukiukwangua unakwangua ngozi ya sarafu, na hairudi. Halafu rupia zile si fedha tupu, ni sehemu 917 kwa 1000, iliyobaki shaba, na ukijani wako umetoka kwenye hiyo shaba. Ndimu inaitafuna shaba, uso unabaki umefifia na una vishimo. USISUGUE. Kwa kitu chochote.

Kama udongo unakukera, tafuta yale maji safi ya kuongezea betri. Soma lebo vizuri, usije ukabeba asidi. Kila rupia chombo chake cha plastiki, siku 3 au 4, maji ubadilishe kila siku. Mchanga utakaodondoka wenyewe, sawa. Usiobanduka uache, hata kidole usipitishe, chembe 1 ya mchanga inachora uso mzima. Ukizitoa, zilaze kwenye kitambaa cha pamba, gandamiza, usifute. Hifadhi kwenye bahasha ya karatasi, na usizifunge kwa mpira, mpira una salfa. Ile ya kijani usiiguse kabisa mpaka mtu wa sarafu aione kwa macho yake.

Kesho asubuhi zipige picha dirishani pande zote 2, na weusi wake, uziweke hapa. Hizo ndimu umeshazikamua? Nijibu kabla hujalala.